Visiwa vyetu vinaitwa dira

Kila wiki mtu ananitumia video ya Lamu ama Zanzibar. Sawa, kule ni kuzuri. Lakini si tuna visiwa vitatu vya volkano ndani ya Ziwa Turkana, na ukifungua ramani ndio unachoka: North Island, Central Island, South Island. Yaani dira tu.

Hii ina historia yake. Mwaka wa 1888 Count Teleki wa Austria-Hungaria alifika ziwani akalipa jina la Rudolf, mwana wa mfalme wake, jamaa ambaye hakuwahi kukanyaga huku. Na wazee walikuwa tayari wanaliita Anam Ka'alakol! Jina la Rudolf lilitolewa 1975. Visiwa vikaachwa hivyo hivyo.

Hadithi ya South Island inayosimuliwa sana pia si yetu. Mwaka wa 1934 msafara wa Mwingereza Vivian Fuchs ulipeleka watu wawili pale. Moto wao wa ishara ulionekana usiku kadhaa, kisha kimya, na miili haikupatikana. Vitabu vinaita fumbo. Mimi naona upepo. Wavuvi wetu wanaujua, wanapanga siku yao nzima kuufuata.

Ile ya kati ndiyo iko karibu nasi. Unatoka Lodwar hadi Kalokol ama Eliye, halafu boti. Ufuo ni mchanga mweusi, na juu kuna vijiziwa vitatu ndani ya kreta. Mamba wa Nile huzaliana hapo, kwa hivyo sahau kuogelea. Flamingo pia wapo. UNESCO ilikiweka kwenye urithi wa dunia 1997, pamoja na Sibiloi, na 2018 urithi huo ukaingizwa orodha ya ulio hatarini, sababu kubwa ikiwa bwawa la Gibe III kule Ethiopia. Mto Omo ndio huleta karibu maji yote ya ziwa, so mwenye kushika Omo ametushika.

Wasee wa Kakuma, najua nyinyi maji mnayoona ni ya Tarach likifurika, na nauli hadi ziwani si mchezo. Lakini wengi wa Lodwar pia hawajafika, na wageni wanapita hapa kila mwaka wakienda.

Kama una shosho Kalokol, Eliye ama Loiyangalani, muulize kile kisiwa walikuwa wanakiita nani kabla ya ramani. Mrekodi na simu, leo, akiwa bado anakumbuka.