Ua la mzoga: Pambo la bustani linalohadaa nzi

APANDAYE asumini hutaraji mgeni asimame barazani avute pumzi. Apandaye Stapelia ajiandae kuulizwa ni panya gani aliyefia darini.

Stapelia gigantea ni mmea wa nyika za Afrika, kuanzia Afrika Kusini hadi Tanzania. Mashina yake manene ya pembe nne hayana majani, na wengi huudhani kuwa dungusi, ilhali si wa ukoo huo. Jina Stapelia lilitolewa na Linnaeus kumkumbuka Johannes Bodaeus van Stapel, tabibu Mholanzi wa karne ya 17. Heshima ya ajabu hiyo!

Ua lake ni nyota ya ncha tano ambayo upana wake waweza kuzidi sentimita 25. Lina rangi ya manjano hafifu, mistari myembamba myekundu na nywele laini, mithili ya ngozi ya mnyama aliyekufa. Harufu nayo ni ya nyama iliyooza.

Hila hiyo yote imekusudiwa nzi. Anapohangaika juu ya ua, vifuko vya chavua hunasa mwilini mwake, naye huvipeleka kwenye ua jingine. Nyuki hulipwa kwa asali ya maua. Nzi huyu hatapata hata tone la maana. Mara nyingi hutaga mayai papo hapo, na mabuu yanapoanguliwa hufa njaa kwa kuwa nyama haipo.

Lawama za majirani huepukika. Uvundo hutoka ua likichanua tu, nalo hudumu siku chache. Tumba likianza kuvimba kama puto, chungu na kihamishwe mbali na madirisha, hasa ya jikoni. Miezi mingine mmea haunuki kamwe.

Kuuotesha ni rahisi. Kata kipande cha shina, kiache kivulini takriban juma moja hadi kidonda kikauke, kisha ukipande katika udongo uliochanganywa na mchanga mwingi wa chembe kubwa. Chungu lazima kiwe na matundu. Usimwagilie kabla udongo haujakauka, na katika baridi ya Juni hadi Agosti nyanda za juu, maji yapunguzwe zaidi. Kinachoua mimea hii ni huruma ya mwenye kopo la maji: shina huoza kuanzia chini.

Wapo wanaotamani jitu la Sumatra, Amorphophallus titanum, lililochanua Kew, London, mwaka 1889. Hilo huhitaji joto, unyevu na miaka mingi ya subira. Tuwaachie wenye vibanda vya vioo.

Kenya ina ndugu wa Stapelia katika maeneo kame, mmojawapo Edithcolea grandis, wenye ua la rangi ya maziwa lililojaa madoa mekundu ya kahawia. Uzuri huo humshawishi mpita njia aung'oe. Asithubutu. Mmea huo ni mgumu mno kutunza chunguni, na aghalabu huoza. Kipande cha Stapelia kutoka kwa jirani hakigharimu kitu, wala hakiachi pengo nyikani.