Wachambuzi wa Kasoro

Ewe msomaji kijana, bila shaka umewahi kumwona mama akichagua mchele kabla ya kuuinjika. Bado hajapika, lakini asipochagua, jino la mlaji litakutana na jiwe. Katika programu za kompyuta pia wako watu wafanyao kazi mfano wa hiyo.

Kasoro za kompyuta si jambo geni. Tarehe 9 Septemba 1947, mafundi wa mashine ya Mark II, iliyoundwa katika Chuo Kikuu cha Harvard, Marekani, walimtoa nondo aliyenasa ndani yake, wakambandika katika daftari lao. Siku hizo mashine zilikuwa chache, na mafundi walijionea kasoro kwa macho yao.

Baadaye mambo yaligeuka. Mwaka 1983 Richard Stallman alitangaza kazi ya kuunda programu huria, ambazo kila mtu ana ruhusa ya kuzisoma, kuzirekebisha na kuzigawa. Mwaka 1991 Linus Torvalds, mwanafunzi wa Helsinki, alianzisha Linux. Watumiaji wakaenea duniani, na malalamiko yao vilevile. Mmoja huandika tu kwamba programu imekataa. Wa pili hurudia yaliyokwisha semwa na wengi. Wa tatu huleta habari ya hatari kubwa, nayo ikazama katikati ya hizo nyingine. Fundi akizisoma zote, atatengeneza saa ngapi?

Nchi yetu inao mfano mwema. Januari 2008, wakati wa ghasia zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007, Ory Okolloh, Juliana Rotich, David Kobia na Erik Hersman walishiriki kuunda Ushahidi, programu iliyoonyesha katika ramani habari zilizoletwa na wananchi. Baadaye ilitolewa kuwa huria. Haiti ilipopigwa na tetemeko tarehe 12 Januari 2010, programu hiyo ilitumika huko. Watu wa kujitolea, wakiwemo Wahaiti waishio ugenini, walitafsiri na kupanga ujumbe mwingi, ili ijulikane ni wapi msaada unahitajiwa. Hawakuhitaji kujua kuunda programu. Walihitaji makini, subira na lugha ya wenyeji.

Uchambuzi wa kasoro wahitaji sifa zizo hizo. Mchambuzi husoma lalamiko, hujaribu kasoro ile katika mashine yake, humwuliza mlalamikaji yaliyosahauliwa, huunganisha yanayofanana, kisha huyatanguliza yaliyo mazito.

Nawe ukaaye Likoni, Kisauni au Changamwe, usidhani kazi hii ni ya watu wa mbali. Tangu mwaka 2009 nyaya za mawasiliano zipitazo chini ya bahari zimefika Mombasa. Tena, neno la Kiswahili likikosewa katika programu, fundi wa Helsinki hataliona. Wewe utaliona mara moja. Anza na lalamiko moja kwa juma. Wahenga walinena: usipoziba ufa, utajenga ukuta. Lakini kabla ya ufa kuzibwa, sharti awepo wa kuuonyesha.