Ukomunisti na Sheria za Kasumba: Mraibu ni Mgonjwa au Mhalifu?

Katika mijadala ya sheria za dawa za kulevya kuna suala moja lisilokwisha: je, anayetumia aadhibiwe au atibiwe? Wapo wanaotaka matumizi yaondolewe katika makosa ya jinai, abakie muuzaji peke yake mbele ya hakimu. Wengi wetu hudhani kwamba rai hii imezuka juzi. Ukweli ni kwamba dola za kikomunisti zililigusa suala hili tangu miaka ya 1920, na yaliyozipata yana mafunzo kwa kila anayeshughulika na hukumu. Tutatazama dola mbili kubwa, Urusi na Uchina.

Asili ya rai yao

Kila mtu amesikia kwamba Karl Marx aliifananisha dini na afyuni, yaani kasumba. Maneno hayo aliyachapisha mwaka 1844. Sisi hatukubaliani naye, lakini insafu yataka tuyafahamu maneno ya mpinzani kabla ya kuyajibu. Zama hizo afyuni ilikuwa dawa ya maumivu iliyouzwa waziwazi katika maduka ya Ulaya. Marx alikusudia kitu kinachotuliza maumivu na kuyaacha maradhi palepale. Lawama yake kubwa aliielekeza kwenye maradhi, na maradhi kwake yalikuwa ni dhulma ya mwenye mali kwa asiye na mali.

Mwenzake, Friedrich Engels, katika kitabu chake cha mwaka 1845 juu ya hali ya wafanyakazi wa Uingereza, alieleza jinsi watoto wachanga wa maskini walivyonyweshwa dawa zilizotiwa afyuni ili watulie. Kisha mwaka 1858 Marx aliandika katika gazeti la New York kuhusu biashara ya afyuni nchini Uchina. Alionyesha kwamba serikali ya Kiingereza ya Bara Hindi ilihodhi utengenezaji wa afyuni huko Bengal, ilhali Waingereza hao hao wakihubiri ustaarabu na biashara huria. Ikumbukwe kwamba mwaka 1839 Lin Zexu, mjumbe wa mfalme wa Uchina, aliteketeza makasha zaidi ya 20,000 ya afyuni huko Humen. Jawabu la Uingereza lilikuwa ni vita vilivyoendelea hadi 1842, na Hong Kong ikachukuliwa.

Kutokana na haya tunaweza kuitambua illa ya suala kwa mtazamo wao. Sababu ya ulevi, kwao, ni mfumo wa mali: tajiri anavuna faida, mnyonge ananunua usahaulifu. Hapo yakatoka matawi matatu. La kwanza, muuzaji ni adui. La pili, mtumiaji ni mdhulumiwa, basi atibiwe. La tatu, mfumo ukiondoka ulevi utaondoka wenyewe. Matawi mawili ya mwanzo yana hoja ya kusikilizwa. Hili la tatu ndilo lililoleta matatizo, kama tutakavyoona.

Urusi: mtihani wa hazina

Mfalme wa Urusi alipiga marufuku pombe kali ya vodka mwaka 1914, vita vilipoanza. Wabolshevik waliposhika dola mwaka 1917 waliliendeleza katazo hilo, na Lenin alipinga kuijaza hazina kwa fedha ya vodka. Mwaka 1923 Trotsky aliandika katika gazeti la Pravda kwamba sinema ndiyo itakayowatoa watu katika kilabu cha pombe, na katika kanisa pia. Haukupita muda mrefu. Mwaka 1925 dola ikarudi kuuza vodka kamili, yenye nguvu ya asilimia 40, kwa ukiritimba wake yenyewe. Stalin aliitetea hatua hiyo akisema kwamba ama wauze vodka, ama wawe watumwa wa mabepari wa nje kwa mikopo. Basi muuzaji, aliyekuwa adui katika nadharia, sasa alikuwa ni dola yenyewe.

Kwa upande wa afyuni, mofini na kokeini, sheria ya jinai ya mwaka 1926 iliadhibu kuuza na kuweka kwa nia ya kuuza. Kutumia hakukuwa jinai. Kwa istilahi za leo tungesema kwamba mtumiaji alikuwa ameondolewa jinai, na mahali pake palikuwa kwa tabibu.

Lakini katika miaka ya 1930 viongozi walitangaza kwamba ujamaa umekwisha kusimama na unyonyaji umeondoka. Hapo likazuka swali gumu: ikiwa illa imeondoka, huyu mraibu aliyebaki ametoka wapi? Nadharia haikumwachia nafasi. Ama hayupo, ama yeye mwenyewe ni mbovu. Basi kwa miaka mingi magazeti hayakumtaja sana, na sheria ikageuka taratibu. Mwaka 1967 Urusi iliweka utaratibu wa vituo vya kuwatibu walevi kwa lazima na kwa kazi ngumu. Amri ya mwaka 1974 iliwatia waraibu wa dawa za kulevya katika matibabu ya lazima, na hata aliyekutwa na dawa bila ya nia ya kuuza akaweza kufungwa. Mwaka 1987 matumizi yenyewe yakawekewa adhabu. Adhabu hiyo ilikuja kuondolewa mwaka 1991, dola ya Kisovieti ikiwa inasambaratika.

Uchina: mtihani mzito zaidi

Nchini Uchina jambo hili lilikuwa donda la taifa, na wakomunisti walijinadi kuwa ndio watakaoliponya. Hata hivyo, mwanzoni mwa miaka ya 1940, walipokuwa wamezingirwa huko Yan'an na hazina yao ikiwa tupu, wao wenyewe walilima na kuuza afyuni nje ya eneo lao. Katika daftari zao waliiandika kwa jina la "bidhaa maalumu". Mwanahistoria Chen Yung-fa wa Taiwan aliyachambua mambo haya kwa kina katika miaka ya 1990. Anayeficha jina la bidhaa yake anaijua hukumu yake.

Baada ya kushika nchi mwaka 1949 walibadilika. Amri ya tarehe 24 Februari 1950 ilikataza kulima, kutengeneza, kuuza na kuvuta. Waraibu waliamriwa wajiandikishe na kuacha katika muda uliowekwa. Inakadiriwa walikuwa milioni 20. Mashamba ya mipopi yaligeuzwa kuwa ya chakula, mipaka ikafungwa, na familia na kamati za mitaa zikapewa kazi ya kumsimamia kila mraibu. Mwaka 1952 ikaja kampeni kali dhidi ya wafanyabiashara: kwa hesabu za serikali yenyewe walikamatwa zaidi ya 80,000 na waliouawa walizidi 800. Kampeni hiyo ilihubiriwa kwa mdomo katika mikutano, haikuandikwa magazetini.

Ni haki kukiri kwamba afyuni ilitoweka kwa takriban miaka thelathini, na jambo hilo lina nafasi yake katika historia. Lakini katika miaka ya 1980, nchi ilipofungua milango, dawa zilirudi kupitia mpaka wa Yunnan. Leo sheria ya Uchina bado ina alama ya rai ile ya kwanza. Kutumia si jinai bali ni kosa la kiutawala. Lakini chini ya sheria ya mwaka 2008 mraibu anaweza kuwekwa katika kituo cha lazima miaka miwili bila ya kupelekwa mahakamani. Muuzaji wa gramu 50 za heroini anakabiliwa na kifungo cha miaka 15, cha maisha, au kifo.

Tunalojifunza

Historia hii inatuonyesha kwamba kumwondolea mtu jina la mhalifu si lazima kumwondolee minyororo. Mraibu wa Urusi baada ya 1974 aliitwa mgonjwa na akafungiwa, na wa Uchina wa leo yu katika hali inayokaribiana na hiyo. Aidha, huruma iliyosimama juu ya nadharia ya illa huanguka pale nadharia inapodai kwamba illa imekwisha. Huruma yenye kudumu humtazama mtu mwenyewe, awe ameangushwa na umaskini, na maradhi, au na marafiki wabaya.

Kwa hiyo, anapokuja mtu na rai ya kuwaondolea jinai watumiaji, awe mkomunisti au mwingineo, tusiikimbilie wala tusiitupe. Tumuulize maswali mawili. Nani atakayepata fedha ya bidhaa hiyo siku hazina itakapokauka? Na yule kijana atakayeshindwa kuacha, baada ya muda mliompa kwisha, mtampeleka wapi? Urusi na Uchina zote mbili zilijikwaa katika maswali hayo, na waliolipa gharama ni waraibu.