Kuta za Kariakoo na Imani ya Watu

Wasomaji wetu wengi, hata wakaao mbali na pwani, walijua jina la Kariakoo. Kitenge, sufuria na daftari la mtoto wa shule, mara nyingi vimepita huko kabla ya kufika katika duka la kijijini. Tena wengi wetu tuna mwana au ndugu afanyaye biashara humo. Kwa hiyo habari za kuta za Kariakoo ni zetu pia, wala si za watu wa mjini peke yao. Leo twataka kuzitazama, tupate kujua imani ya watu kwa wakaguzi hujengwa na nini, na huvunjwa na nini.

Kabla ya Vita Kuu ya 1914 Wajerumani walijenga hapo jengo la soko. Waingereza walipoutwaa mji mwaka 1916 wakapafanya kambi ya wapagazi wa jeshi, yaani Carrier Corps, na wenyeji wakalitamka neno hilo kwa ulimi wao: Kariakoo. Amri za ujenzi zilikuwapo tangu 1891. Baadaye Waingereza wakaugawa mji sehemu tatu: ya kwanza ya nyumba za Kizungu, ya pili Uhindini, ya tatu Kariakoo, mahali pa nyumba za miti na udongo. Kati ya Uhindini na Kariakoo ukaachwa uwanja wa Mnazi Mmoja. Ilisemwa kwamba ni kwa ajili ya afya, lakini amri hizo zilitenga watu kwa rangi zao. Basi si ajabu mwenyeji akiiona amri ya ujenzi kuwa ni boma la kumzuia, wala si mkono wa kumlinda.

Baada ya uhuru mambo yakageuka. Mwaka 1975 likafunguliwa soko jipya lililochorwa na Beda Amuli, Mtanzania, na pole pole nyumba za udongo zikatoka, orofa zikaingia. Hapo ndipo lilipozaliwa jambo kubwa. Nyumba ya udongo, mwenyewe azijua nguzo zake. Jirani apita, aona mti ulioliwa na mchwa, amwonya. Lakini nguzo ya zege huficha chuma chake ndani. Mpangaji hawezi kujua kama chuma ni kinene au chembamba, wala kama saruji ilitosha. Hana budi kuamini kwamba yuko mtu aliyekwenda kutazama kabla zege haijamwagwa. Kwa ajili hiyo sheria za mwaka 1997 ziliweka Bodi ya Usajili wa Wahandisi na Bodi ya Usajili wa Makandarasi, na halmashauri ya mji hutoa kibali cha kujenga. Hawa ni macho ya wasioweza kuona.

Je, macho hayo yaliona? Tarehe 29 Machi 1913 haikuwa na orofa kama hizi. Lakini tarehe 29 Machi 2013, siku ya Ijumaa Kuu, jengo lililokuwa likijengwa katika Mtaa wa Indira Gandhi lilianguka, likaua watu 36. Kibali kilikuwa cha orofa 10, nalo lilikuwa limefika 16. Tulifikiri neno hili. Orofa si kitu cha kufichika. Hata mtoto wa darasa la kwanza asimamaye barabarani aweza kuzihesabu. Hapa hapakukosekana elimu, ila palikosekana mtu wa kusema, “Simama,” tena akasikiwa.

Msiba wa Kariakoo wa tarehe 16 Novemba 2024 ulikuwa wa namna nyingine. Jengo la orofa nne, lililojaa maduka, lilianguka asubuhi watu wakiwa kazini. Walioshuhudia walisema kwamba chini yake palikuwa pakichimbwa ili kuongeza nafasi ya biashara. Watu zaidi ya 80 waliokolewa, lakini waliokufa hawakupungua 29. Wengine walipiga simu kutoka chini ya kifusi. Rais Samia Suluhu Hassan akaamuru majengo ya Kariakoo yakaguliwe, na kazi hiyo akamkabidhi Kassim Majaliwa, Waziri Mkuu wa wakati ule.

Misiba hii miwili yatufundisha mambo mawili. Kosa la Mtaa wa Indira Gandhi lilikuwa juu, machoni pa wote. Dawa yake ni mlalamikaji kusikiwa, na mkaguzi asiyemwogopa tajiri. Hatari ya Kariakoo ilisemwa kuwa chini, mahali mpita njia asipoona. Dawa yake ni mkaguzi aingiaye ndani bila kungoja kuitwa. Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Mkaguzi ajaye baada ya ukuta kuanguka huhesabu maiti tu.

Wala si kwetu tu. Mji wa London uliungua mwaka 1666, nyumba zaidi ya 13,000 zikateketea, ndipo sheria ya 1667 ilipoagiza kujenga kwa matofali na mawe. Sheria nyingi za namna hii huzaliwa katika majivu. Shida ni kuzishika wakati machozi yamekauka na kodi za maduka zimepanda tena.

Basi sisi wa vijijini tufanyeje? Leo twajenga shule, zahanati na makanisa ya zege. Tuulize mapema: ni nani mhandisi? Jina lake limeandikwa katika kibao cha ujenzi? Nani ametazama chuma kabla ya zege kumwagwa? Aulizaye hivyo hamdharau fundi, wala haichukii serikali. Watu huwaamini wakaguzi pale wanapoweza kuwauliza, wakajibiwa, na wakaiona kazi mbovu ikisimamishwa ingali hai.