Koroboi, Tochi na Utambi: Vepu Ilivyofika Mikononi Mwetu

Binamu yangu, ambaye amevuta sigara tangu alipokuwa chuoni, alinitumia ujumbe juma lililopita: "Kaka, wewe si ni mtu wa kompyuta? Nataka kuacha fegi, ninunue vepu gani?" (Ukishasomea kompyuta, jamaa zako huamini unajua kila kitu chenye betri. Mimi nimewahi kuitwa nitengeneze friji.) Nilianza kumjibu kwa mistari miwili, nikajikuta nimeandika historia nzima. Nimeona niiweke hapa, maana swali lake si la pekee yake.

Tuanze na ufundi. Kama umewahi kuwasha koroboi, tayari unajua nusu ya vepu. Utambi hufyonza mafuta wenyewe, huyapandisha juu, na huko juu ndiko moto uliko. Kwenye vepu utambi ni wa pamba, na badala ya mafuta ya taa unafyonza mchanganyiko wa propilini glaikoli, glisarini, ladha na nikotini. Badala ya moto kuna waya uliosokotwa, yaani koili, unaopashwa joto na umeme. Kimiminika hugeuka mvuke, na hakuna kinachoungua, isipokuwa utambi ukikauka (hapo utajua mwenyewe, koo litakwambia). Kijumba hicho cha waya na utambi ndicho atomaiza. Vingine vyote ni betri, na swali la nani anaiongoza betri hiyo.

Wengi hudhani kifaa hiki ni cha juzi. Mmarekani Herbert A. Gilbert, wa Beaver Falls kule Pennsylvania, aliomba hataza ya "sigara isiyo na moshi wala tumbaku" mwaka 1963, akaipata 1965. Haikuwahi kuingia sokoni kwa maana. Betri za enzi hizo hazikumsaidia.

Aliyefanikiwa ni Hon Lik, mfamasia wa Kichina aliyekuwa mvutaji mwenyewe, na ambaye baba yake alikufa kwa saratani ya mapafu. Mwaka 2003 alibuni kifaa kilichotikisa kimiminika kwa mawimbi ya sauti yasiyosikika na masikio, kikatoa mvuke. Kiliuzwa China kuanzia 2004 kwa jina Ruyan, lenye maana ya "kama moshi", na kufikia 2007 sigara za elektroniki zilikuwa zimefika Ulaya na Marekani. Waya wa joto ulichukua nafasi ya mawimbi, kwa kuwa ni rahisi kutengeneza. Mwaka 2013 hataza hizo zilinunuliwa na kampuni ya sigara, Imperial Tobacco, kwa dola milioni 75. Soma sentensi hiyo mara mbili!

Sasa tufike pale panaponifurahisha. Vifaa vya kwanza vilifanana na sigara, vyembamba, na betri ndogo kiasi kwamba mvutaji wa pakiti moja kwa siku alikuwa anachaji kutwa. Watu wakakasirika, wakafanya kile ambacho fundi yeyote wa jua kali pale Kamukunji angefanya: wakafungua. Huko Uingereza mwaka 2008, Ted na Matt Rogers walitengeneza kifaa kilichoitwa Screwdriver, chenye nafasi ya betri kubwa inayobadilishwa. Wengine walichukua bomba la tochi, wakaweka betri na swichi, wakafunga atomaiza juu yake. Kilichowasaidia ni kwamba sehemu ya kuzungushia atomaiza ya modeli 510 ya Joyetech ilienea ikawa kama kanuni ya wote, jinsi USB ilivyo kwetu. Atomaiza ya huyu iliingia kwenye betri ya yule.

Baada ya hapo likaja jambo kubwa zaidi: atomaiza ya kujijengea. Hakuna cha kutupa. Unanunua waya wa kanthal (aloi ya chuma, kromiamu na alumini, ambayo pia hutumika kwenye vipasha joto vya umeme), unausokota kwenye kijiti, unaufunga kwa skrubu mbili, unapitisha pamba. Zile za kudondoshea hazina tangi, unatia matone kila baada ya muda. Zile za tangi hubeba akiba yake. Kwa gharama ya waya na pamba tu unavuta majuma kadhaa.

Lakini hapo ndipo kanuni ya Ohm inapokuja kudai deni lake. Betri ya lithiamu iliyojaa ina volti 4.2. Ukiiunganisha moja kwa moja na koili ya omu 1.5, inapita ampea 2.8, yaani wati 12 hivi. Koili ya omu 0.5 inavuta ampea 8.4 na kutoa wati 35. Ukikosea ukafunga ya omu 0.1, hesabu inasema ampea 42, na betri nyingi za 18650 (milimita 18 kwa 65) hazikuundwa kutoa hata nusu ya hizo. Modi za mitambo, ambazo ni bomba na swichi bila saketi yoyote, hazina wa kukukataza. Mwaka 2018 mtu alikufa Florida baada ya kifaa cha aina hiyo kulipuka, na mwaka uliofuata mwingine akafa Texas vepu yake ilipolipuka. Kwangu mimi hiyo si hoja dhidi ya mafundi. Ni kama kumpa mtu haki zote za kuendesha mashine kabla hajajua anachofuta.

Jibu la wahandisi lilikuwa chipu, na hapa mniruhusu nijivunie kidogo fani yetu. Kampuni ya Evolv ya Ohio ilitoa DNA 40 mwaka 2014, saketi inayodhibiti halijoto bila kipimajoto chochote. Ukinzani wa nikeli safi hupanda kwa takriban asilimia 0.6 kwa kila nyuzi moja ya Selsiasi. Kwa hiyo chipu inapima ukinzani wa koili ikiwa baridi, inaendelea kupima inapopata moto, inakokotoa, na inapunguza nguvu kabla pamba haijaungua. Koili yenyewe ndiyo kipimajoto!

Mlango ukaanza kufungwa tena. Mwaka 2016 Umoja wa Ulaya uliweka kikomo cha miligramu 20 za nikotini kwa mililita na tangi lisilozidi mililita 2, na Marekani ikaanza kudai idhini kwa kila bidhaa, gharama ambayo fundi mdogo haiwezi. Wakati huohuo Juul ilikuwa imetoka 2015: kidude kama flashi, kibebeo kilichofungwa, na chumvi za nikotini zilizokuwa laini kooni hata kwenye kiwango cha karibu miligramu 59 kwa mililita huko Marekani. Vijana ambao hawakuwahi kuvuta wakanasa. Mwanzoni mwa 2020 serikali ya Marekani ilibana vibebeo vyenye ladha lakini ikaacha nje vepu za kutupa, na soko likahamia humo.

Ukifungua baadhi ya hizo za kutupa utakuta betri ya lithiamu inayoweza kuchajiwa tena, na chipu. Mwaka 2025 mhandisi mmoja alitoa chipu ya megahazi 24 kwenye vepu iliyotupwa, yenye kilobaiti 24 za hifadhi na 3 za kumbukumbu, akaifanya seva ya tovuti. Uingereza ilipiga marufuku uuzaji wa za kutupa tarehe 1 Juni 2025. (Msomaji wa Kampala, sheria yenu ya 2015 inakataza uuzaji wa aina zote, usinitafute.)

Basi binamu nikamwambia hivi. Ya kutupa itamzoesha nikotini nyingi asiyoweza kuipunguza. Ya kujijengea aiache mpaka aweze kunipigia hesabu ya ampea bila kikokotoo. Achukue ile ndogo ya kujaza mwenyewe, koili ya kubadilisha, yenye saketi ya kinga, na anunue kimiminika chenye kiwango kilichoandikwa ili akishushe mwezi hadi mwezi. Asinunue cha kichochoroni: ugonjwa wa mapafu wa Marekani wa 2019 ulihusishwa zaidi na asetati ya vitamini E kwenye vimiminika vya bangi, na kufikia Februari 2020 watu 68 walikuwa wamekufa. Mdogo wake, ambaye hajawahi kuvuta, aliuliza kama naye achukue moja. Huyo nilimjibu kwa neno moja.

Binamu amesoma yote, kisha akauliza: "Sasa hiyo omu ndiyo nini?" Jumapili anakuja kwangu na daftari.