Sinagogi la Ben Ezra na Barua za Bahari Yetu

Kwetu Kwale, msahafu uliochakaa hautupwi jalalani. Huzikwa au huwekwa mahali pasipokanyagwa. Wayahudi wa Fustat, mji wa kale uliokwisha kumezwa na Cairo, walikuwa na ada kama hiyo. Karatasi yoyote iliyoweza kuwa na jina la Mungu waliitia katika chumba cha sinagogi lao la Ben Ezra, nazo zikarundikana humo karne kwa karne. Sinagogi hilo lilifunguliwa tena mwaka 2023 baada ya ukarabati, nasi watu wa pwani tuna haki ya kuijua historia yake.

Mwanzoni mwa karne ya 11 lilibomolewa kwa amri ya Khalifa al-Hakim wa Wafatimiya, aliyebomoa makanisa pia. Lilijengwa upya kabla karne hiyo haijafika nusu. Waumini wake walisema Kiarabu na kukiandika kwa herufi za Kiebrania, kama wazee wetu walivyoandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu. Kwa kuwa karatasi yoyote yenye herufi hizo iliheshimiwa, chumbani hayakuingia maandiko ya dini peke yake: ziliingia hati za ndoa, hesabu za madeni, na barua za wafanyabiashara wa Bahari ya Hindi.

Barua hizi ndizo zinazonigusa. Abraham Ben Yiju, mtu wa Tunisia, aliishi pwani ya Malabar, India, takriban miaka 17 tangu 1132. Alikuwa na karakana ya shaba, na alimwandikia hati ya uhuru kijakazi wa Kihindi aitwaye Ashu. Kutoka Aden, rafikiye Madmun, mkuu wa wafanyabiashara wa Kiyahudi, alimpelekea karatasi za kuandikia, maana India zilikuwa adimu. Madmun huyo aliingia ubia na Bilal, liwali Mwislamu wa Aden, wakapeleka chombo Sri Lanka. Wote waliungoja upepo: kusi na kaskazi, zile zile zilizoendesha majahazi ya Vanga na Gazi.

Wengine hawakurudi. David, mfanyabiashara wa vito, alimwandikia kaka yake barua kutoka bandari ya Aydhab kwenye Bahari ya Shamu, kisha akazama katika Bahari ya Hindi. Kaka huyo ni Musa bin Maymun, tabibu na mwanazuoni mkubwa mzaliwa wa Cordoba, aliyefariki 1204. Msiba ule ulimlaza kitandani karibu mwaka mzima. Barua ya David ilisalimika chumbani.

Mwaka 1896 mwanazuoni Solomon Schechter alifika Cairo, akapewa ruhusa ya kuchukua kutoka chumba hicho shehena iliyompendeza. Vipande zaidi ya 190,000 viko Cambridge, Uingereza. Katika karne ya 20, vita vya Israeli na nchi za Kiarabu viliing'oa karibu jamii yote ya Wayahudi wa Misri, na Ben Ezra ikabaki bila waumini wa kuijaza.

Picha za vipande vingi sasa zinatazamwa bure kwenye intaneti. Mwalimu wa historia Ukunda au Msambweni anaweza kuwafungulia wanafunzi wake barua za Aden leo hii.