Kufuga Si Kufungia

Kutoka Somanga hadi Lindi kinyonga si mgeni. Hukaa kwenye vichaka na miti ya mashambani, akayumba mbele na nyuma kabla ya kutia mguu. Hata hivyo si mnyama ambaye watu wa pwani wamezoea kumfuga. Wapo wanaosema ana sumu, wapo wanaomhesabu kuwa mkosi, na masimulizi ya makabila mengi ya Afrika yanamlaumu kwa kuchelewesha ujumbe kwamba binadamu hatakufa. Sumu hana, na woga huo humponza pale anapokutana na mtoto mwenye jiwe. Lakini jiwe la mtoto halijapata kujaza sanduku la kwenda ng'ambo. Waliowatoa wanyama hawa porini kwa maelfu ni waliowapenda.

Kwa Kiswahili kufuga ni kumtunza mnyama mpaka azae na wanawe wakue. Anayenunua kuku Jumamosi amchinje Jumapili si mfugaji. Kwa kipimo hicho, historia ya pwani yetu na wanyama watambaao ni historia ya uchuuzi. Periplus, kitabu cha Kigiriki cha karne ya 1, kinataja magamba ya kasa pamoja na pembe za ndovu kati ya bidhaa za Rhapta, bandari ya kale ya pwani hii. Na gamba lililothaminiwa kuliko yote ni la ng'amba. Karne nyingi baadaye mnyama alianza kusafirishwa akiwa hai, ila hesabu ilibaki ile ile: idadi, bei, meli au ndege. Mfano mchungu ni mjusi wa buluu wa msitu wa Kimboza, Morogoro, anayeishi kwenye miti ya jamii ya mkadi. Watafiti walikadiria kuwa kundi moja tu la wakamataji liliondoa mijusi wasiopungua 32,000 kati ya Desemba 2004 na Julai 2009. Miti ilikatwa ili kumfikia mjusi, hivyo aliyebaki alikosa hata pa kulala.

Mtetezi wa biashara hiyo atasema wateja wa Ulaya na Marekani ni wajuzi, na kwa sehemu ni kweli. Walijifunza kwamba kinyonga hutaka kuishi peke yake, kwenye tundu la wavu lenye hewa. Kwamba hajali bakuli la maji bali hulamba matone kwenye majani. Kwamba bila taa ya urujuanimno na unga wa kalsiamu juu ya panzi wake, mifupa hulegea. Kinyonga wa Yemen sasa huzaliwa kwa wingi matunduni. Huyo kweli anafugwa. Lakini palipokuwa rahisi kukamata kuliko kulea, ujuzi huo ulirefusha maisha ya mateka tu, na mkamataji wa kijijini alipata sehemu ndogo ya bei ya dukani. Serikali ya Tanzania iliposimamisha usafirishaji wa wanyamapori hai mwaka 2016, waliokuwa na vibali waliumia, na malalamiko yao yana haki. Hayabadili hesabu ya Kimboza.

Ufugaji wa kweli tuliuona kwa chura wa Kihansi, aliyegunduliwa mwaka 1996 kwenye manyunyu ya maporomoko ambayo maji yake yalikuwa yakienda kugeuzwa umeme. Mwaka 2000 vyura wapatao 500 walipelekwa bustani ya wanyama ya Bronx, New York. Mwanzoni walikufa wengi, mpaka walezi walipojua kiasi cha ukungu, mwanga na chakula wanachotaka. Chura huyu hapitii kiluwiluwi; huzaa kitoto kamili, kisichozidi punje ya mchele. Mwaka 2009 alitangazwa kuwa ametoweka porini. Mwaka uliofuata 100 walirudi Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na mwaka 2012 wakaanza kuachiwa Kihansi, ambako manyunyu sasa hutoka kwenye mabomba.